Kutoka Chuo cha Jamii hadi Shahada Nchini Marekani: Jinsi ya Kupanga Kozi ili Krediti Zisibaki Njiani

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kuliko wowote kutoka kwa ndugu zetu walioko Marekani hauhusu makaratasi ya uhamiaji wala kodi. Unakuja hivi: “Kaka, nimemaliza chuo cha jamii na krediti 72. Chuo kikuu kimenihesabia 45. Nifanyeje?” Krediti ni pointi unazopata kwa kila kozi unayofaulu, na shahada hukamilika kwa jumla yake.

Mtu akishafika hapo, dawa ni chache. Kosa lilifanyika mwaka mmoja na nusu nyuma, siku alipojisajili kwa kozi za Jumanne jioni kwa sababu tu hazikugongana na zamu yake. Na si sisi peke yetu. GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, iliripoti mwaka 2017 kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao.

Mwongozo huu ni wa anayesoma au anayetaka kuanza chuo cha jamii, yaani chuo cha miaka miwili, komyuniti koleji kama wengi tunavyoiita, halafu ahamie chuo kikuu kumalizia shahada ya kwanza. Mifano mingi nimeitoa Texas kwa sababu mfumo wao wa namba za kozi unaeleweka haraka. Majimbo mengine nitayagusa.

Kwanza tenganisha maneno mawili: kupokelewa na kuhesabika. Chuo kikuu kinaweza kupokea krediti zako zote 60, kikaziandika kwenye rekodi yako, na bado 20 kati yake zisikupunguzie hata kozi moja, kwa sababu zimewekwa kwenye fungu la kozi za hiari na fungu lenyewe limeshajaa. Ni kama kumpelekea gunia la mahindi mama lishe anayepika wali. Atakushukuru, ataliweka stoo, kisha atakutuma mchele. Kila hatua hapa chini inahusu kupeleka mchele.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Transkripti (rekodi rasmi ya kozi na madaraja) za kila chuo ulichowahi kusoma Marekani, hata kile ulichokaa muhula mmoja ukaacha. Chuo kikuu kitazitaka zote, na ukificha moja maombi yako yanaweza kufutwa.
- Vyeti vya nyumbani: CSEE na ACSEE kwa Tanzania, KCSE kwa Kenya, Diplôme d'État kwa Kongo. Kama haviko kwa Kiingereza, viende na tafsiri iliyothibitishwa.
- Katalogi ya chuo chako, yaani kitabu cha kozi na masharti yake, ya mwaka ulioanza masomo. Ipakue uihifadhi. Mara nyingi masharti yanayokubana ni ya mwaka ulioingia, na kurasa za vyuo hubadilika bila kuaga.
- Silabasi (muhtasari wa mada) ya kila kozi, kwa PDF, kuanzia wiki ya kwanza ya darasa. Kazi yake utaiona hatua ya mwisho.
- Jedwali moja, la Excel au la daftari, lenye safu nne: kozi, krediti zake, kozi inayolingana nayo chuo kikuu, na sharti inalotimiza kwenye shahada.

Angalia pia majina na tarehe. Wakimbizi wengi waliandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari walipokuwa kambini, wakati cheti cha shule kinasema tarehe nyingine. Wengine majina matatu yamepangwa upya na afisa aliyekuwa na haraka. Uliza ofisi ya udahili sasa hivi wanataka uthibitisho gani. Ukingoja wiki ya mwisho, utakosa muhula kwa sababu ya herufi moja.

## Hatua ya 1: Jua unahesabu nini

Shahada ya kwanza nyingi ni krediti 120 za semesta. Digrii ya miaka miwili ni 60. Vyuo vinavyotumia kota, yaani mihula mifupi kuliko semesta, kama vyuo vya jamii vya jimbo la Washington, huhesabu 180 na 90. Kugeuza kota kuwa semesta, zidisha kwa mbili ugawe kwa tatu: 90 za kota ni 60 za semesta.

Mtego uko kwenye desimali. Kozi ya krediti 5 za kota inageuka 3.33 za semesta. Kama chuo kikuu kinataka kozi hiyo iwe ya krediti 4, umepungukiwa. Uliza kabla ya kuhama jimbo.

Kuna ukomo pia. Vyuo vikuu vya umma vya Texas havilazimiki kupokea zaidi ya krediti 66 za ngazi ya chini, yaani za kozi za miaka miwili ya kwanza. University of California huishia 70 za semesta kutoka vyuo vya miaka miwili. Vyuo vikuu vingi vinadai pia angalau krediti 30 zisomwe kwao. Kwa hiyo yule anayekaa chuo cha jamii miaka minne akikusanya krediti 95 “kwa sababu ni bei nafuu” hajaokoa pesa.

## Hatua ya 2: Anzia mwisho

Kabla ya kufungua ratiba ya chuo cha jamii, fungua tovuti ya chuo kikuu unakotaka kumalizia. Tafuta mpango wa shahada wa fani yako, ule unaoonyesha kozi muhula kwa muhula. Nakili kozi zote za miaka miwili ya kwanza kwenye jedwali lako. Fanya hivyo kwa vyuo vikuu viwili au vitatu, maana kimoja kinaweza kukukataa.

Sababu ni kwamba fani ndiyo inayoamua kozi, na neno “hesabu” halina maana moja. Uuguzi kwa kawaida unataka takwimu, anatomia na fiziolojia sehemu mbili, na mikrobiolojia. Biashara inataka uhasibu sehemu mbili na uchumi sehemu mbili. Uhandisi unaanza kuhesabu kwenye kalkulasi. Kilicho chini yake ni ngazi ya kupandia tu. Mimi niliambiwa kozi yangu ya aljebra “inahamishika,” na kweli ilihamishika. Ilikaa kwenye fungu la hiari, nami nikasoma takwimu upya wakati wa kiangazi, nikitoka kubeba boksi usiku.

Hujaamua fani? “Nitachukua zile za jumla kwanza” si ushauri mbaya kwa krediti 15 au 20. Ukipita hapo, hesabu na sayansi zinaanza kugawana njia, na kila muhula wa kusitasita una bei.

Umefanikiwa hapa ukiwa na orodha ya kozi 15 hadi 20, na mbele ya kila moja jina la chuo kikuu kinachoitaka. Kozi zinazotakiwa na vyote vitatu zitie rangi ya kijani. Hizo ndizo unaanza nazo.

## Hatua ya 3: Chagua aina sahihi ya digrii ya miaka miwili

Siku ya kujiandikisha utaulizwa programu gani, na wengi hujibu kwa kubahatisha. Herufi ni hizi:

AA na AS zimetengenezwa kwa ajili ya kuhama. AA imeegemea sanaa na sayansi za jamii, AS imeegemea sayansi na hesabu.

AAS imetengenezwa kwa ajili ya kazi: fundi wa magari, fundi wa viyoyozi, msaidizi wa ofisi ya sheria. Ni digrii nzuri kwa anayetaka kazi mara moja, ila kozi zake nyingi za ufundi hazihesabiki kwenye shahada ya kawaida. Ndugu wengi wamepotelea hapa. Herufi moja imezidi, na hakuna aliyewaambia.

Uuguzi una njia yake. Mtu aliyesoma uuguzi wa miaka miwili, akafaulu mtihani wa leseni wa NCLEX-RN, anaweza kuingia programu za kutoka RN (muuguzi aliyesajiliwa) kwenda BSN (shahada ya uuguzi), ambazo ziliundwa kwa ajili yake, hata kama digrii yake ni AAS. Kwa wenzetu walioanza na CNA (msaidizi wa muuguzi) wakipanda ngazi huku wakifanya kazi, hii ni njia ya kweli. Hakikisha tu programu ya uuguzi imeidhinishwa na vyombo vya ithibati ya uuguzi, ACEN au CCNE.

Kuhusu ithibati ya chuo chenyewe: tafuta jina lake kwenye hifadhidata ya DAPIP ya Wizara ya Elimu ya Marekani. Unataka kuona mojawapo ya vyombo vinavyotambuliwa na vyuo vikuu vya umma, kama HLC, SACSCOC, MSCHE, NECHE, NWCCU, WSCUC au ACCJC. Usipokiona, usilipe hata dola.

## Hatua ya 4: Tafuta ramani ya jimbo lako

Majimbo mengi yameshafanya nusu ya kazi hii, na bado watu wanaifanya upya kwa kuulizana kwenye kundi la WhatsApp.

Texas ina namba za pamoja za kozi. ENGL 1301 ya Houston ni ENGL 1301 ya Dallas. Tarakimu ya kwanza inaonyesha ngazi, ya pili krediti: MATH 2413 ni kozi ya ngazi ya pili yenye krediti 4. Jimbo lina pia msingi wa pamoja wa kozi za jumla, krediti 42, ambao ukiukamilisha katika chuo kimoja cha umma unahama kama furushi moja. Ndani ya furushi hilo mna krediti 6 za historia ya Marekani na 6 za serikali. Hata kama ulimaliza mwaka wa pili chuo kikuu Dar es Salaam au Nairobi, hizo hutazikwepa kirahisi. Zipange mapema.

California ina tovuti ya ASSIST. Unaingiza chuo chako, chuo kikuu unachokitaka na fani, inakuonyesha kozi kwa kozi kipi kinalingana na kipi. Kuna pia digrii maalumu ya kuhamia inayoitwa ADT: ukiipata, mfumo wa California State University unakuhakikishia nafasi mahali fulani ndani yake, na kwenye fani inayolingana hudaiwi zaidi ya krediti 60 nyingine. Kampasi sita za University of California (Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz) zina mkataba wa uhakika wa nafasi uitwao TAG, ambao maombi yake hupokelewa Septemba, kabla ya maombi ya kawaida.

Kwingine kwa kifupi: Florida ina namba za pamoja na msingi wa krediti 36. Ohio ina msingi wake uitwao Ohio Transfer 36. Minnesota ina mtaala wa uhamisho wa krediti 40 uliogawanywa maeneo 10. Washington ina DTA, digrii ya kuhamia ya krediti 90 za kota. Massachusetts ina mpango wa uhamisho uitwao MassTransfer. Kama jimbo lako silo hapa, au unahama kutoka jimbo moja kwenda jingine, anza na Transferology, tovuti inayoonyesha kozi zako zinavyolingana na za vyuo vingine.

Tahadhari: mikataba hii kwa kawaida ni ya vyuo vya umma ndani ya jimbo. Ukivuka mpaka wa jimbo au kwenda chuo binafsi, mara nyingi furushi linafunguliwa na kila kozi inapimwa peke yake.

## Hatua ya 5: Usiuchezee mtihani wa kukupangia ngazi

Vyuo vingi hukupima Kiingereza na hesabu kabla ya kukuruhusu kujisajili. Kwingi mtihani unaitwa ACCUPLACER, na Texas wana wa kwao, TSIA2. Watu huambiwa “si mtihani wa kufaulu wala kufeli,” basi wanatoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, wanakunywa kahawa, wanaufanya. Matokeo yake ni mihula miwili ya kozi za kujikumbushia ambazo hazina krediti hata moja kuelekea shahada.

Jifunze wiki tatu. College Board, shirika linalotunga mtihani huo, inatoa mazoezi ya bure ya ACCUPLACER mtandaoni. Rudia sehemu, asilimia, milinganyo na grafu. Lala usiku kabla ya mtihani.

Kama Kiingereza chako bado, kozi za ESL (Kiingereza kwa wenye lugha nyingine) ni sahihi kwako, usizionee aibu. Ila ziweke kwenye jedwali kwa sifuri, kwa kuwa kwa kawaida hazihesabiki kwenye digrii. Uliza kama unaweza kusoma hesabu wakati huohuo. Mara nyingi inawezekana, na nimeona vijana kutoka Kakuma na Nyarugusu wakipita hesabu kwa A wakiwa bado ESL ngazi ya tatu.

## Hatua ya 6: Panga mihula kwa kufuata mnyororo

Hatua hii ndiyo ndefu, na ndiyo inayoamua utamaliza lini.

Kozi nyingine zinasimama peke yake. Historia unaweza kuisoma muhula wowote. Nyingine zimefungwa kama mnyororo: hupati ya pili bila ya kwanza. Panga mnyororo mrefu kuliko yote kwanza, halafu zinazosimama peke yake zijaze nafasi zilizobaki. Wengi hufanya kinyume. Wanamaliza historia, sanaa na saikolojia mwaka wa kwanza, wanajipongeza, kisha mwaka wa pili wanakuta wamebaki na hesabu, fizikia na kemia kwa pamoja, na fizikia inawasubiri wamalize hesabu.

Tuseme unataka uhandisi Texas na mtihani umekupanga kwenye aljebra. Mnyororo wako wa hesabu ni MATH 1314, kisha 2412, 2413, 2414 na 2415. Hizo ni kozi tano kwa mihula minne ya kawaida, kwa hiyo lazima moja iingie kiangazi. Mpango unaweza kuwa hivi:

- Vuli ya kwanza: MATH 1314, ENGL 1301, HIST 1301, kozi moja ya sanaa. Krediti 12.
- Machipuko: MATH 2412, ENGL 1302, HIST 1302, CHEM 1411. Krediti 14.
- Kiangazi: MATH 2413 peke yake. Krediti 4.
- Vuli ya pili: MATH 2414, PHYS 2425, GOVT 2305, ECON 2301. Krediti 14.
- Machipuko ya pili: MATH 2415, PHYS 2426, GOVT 2306, PHIL 1301. Krediti 14.

Jumla ni 58. Sasa uwe mkweli kwenye safu ya nne ya jedwali: MATH 1314 na 2412, krediti 7, hazitimizi sharti lolote la shahada ya uhandisi, kwa sababu shahada inaanzia kalkulasi. Zilizobaki 51 kila moja itafutwe mahali pake. Hasara hiyo ya 7 umeijua mapema na umeikubali. Ni tofauti na kushtukizwa nayo.

Kwa nini kiangazi iwe kozi moja tu? Kalkulasi ya wiki nane au kumi inakimbia. Ukiunganisha na saa arobaini za kazi na kozi nyingine, unafeli, na kufeli MATH 2413 kunasukuma fizikia na hesabu zote mbele. Kozi moja iliyoanguka inaweza kukugharimu mwaka.

Mambo matatu zaidi ya kuandika pembeni ya mpango:

Kwa vyuo vikuu vingi daraja la chini linalohamishika ni C. Ukipata D, umefaulu kwenye chuo chako lakini umebaki mikono mitupu unakokwenda. Hata C yenye alama ya kutoa hukataliwa kwingi.

Kujitoa kwenye kozi kabla ya tarehe ya mwisho kunaacha W badala ya F, na wakati mwingine ni busara. Lakini Texas ina ukomo: aliyeanza vyuo vya umma vuli ya 2007 au baadaye haruhusiwi kujitoa kwenye kozi zaidi ya sita katika masomo yake yote ya shahada ya kwanza.

Kozi za sayansi huchakaa kwa umri. Programu nyingi za uuguzi hazikubali anatomia iliyosomwa zaidi ya miaka mitano au saba iliyopita. Usisome sayansi ya uuguzi halafu ukapumzika kulea watoto bila kuangalia tarehe hiyo.

## Hatua ya 7: Dai krediti ambazo tayari unazo

Ulisoma chuo nyumbani? Tuma transkripti zako kwa kampuni ya tathmini ya vyeti vya nje iliyo mwanachama wa NACES, muungano wa kampuni hizo, kama WES au ECE. Omba tathmini ya kozi kwa kozi. Ile ya bei ndogo, inayosema tu “hiki ni sawa na cheti cha sekondari” au “ni sawa na shahada,” haitakupa krediti yoyote. Uliza kwanza chuo chako kinakubali kampuni ipi. Kulipa mara mbili kunauma. Kidato cha Sita nacho kipeleke. Kuna vyuo vinavyotoa krediti kwa baadhi ya masomo ya ACSEE.

Halafu kuna lugha, na hapa wengi wameacha pesa mezani. Mitihani ya CLEP, inayokupa krediti bila kusoma kozi, ina Kifaransa. Ndugu kutoka Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa wanaweza kupata krediti kadhaa kwa asubuhi moja, kama chuo chao kinaitambua. Shirika la Modern States hutoa kozi za bure za kujiandaa na vocha ya kulipia mtihani. Kiswahili hakimo kwenye CLEP, lakini ACTFL, shirika la walimu wa lugha, ina mtihani wa mazungumzo wa Kiswahili, na chuo chako ndicho kinachoamua kama kitakupa krediti kwa huo.

Usichanganye kusamehewa na kupewa. Chuo kinaweza kukusamehe sharti la lugha ya kigeni kwa kuwa ulisoma sekondari kwa lugha nyingine. Hapo hutasoma lugha, sawa, lakini krediti hujapata. Utajaza kwa kozi nyingine.

## Hatua ya 8: Pesa na viza vina ratiba yao

Raia, wenye green card, wakimbizi na waliopewa hifadhi hujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ambayo kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1 kwa mwaka wa masomo unaofuata. Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, ya juu kabisa kwa 2025–26 ni dola 7,395, na hairudishwi. Lakini ina mwisho: jumla sawa na mihula 12 ya kusoma kwa muda wote, maisha yako yote. Ukila mihula saba chuo cha jamii, chuo kikuu umebakiwa na mitano.

Tena, msaada wa serikali kuu huhesabu kozi zinazohitajika kwenye programu uliyojiandikisha tu. Ukijisajili AA ya sanaa huku ukisoma kozi za uhandisi kimyakimya, Pell inaweza kupunguzwa. Ukibadilisha nia, badilisha programu kwenye mfumo siku hiyohiyo.

Chuo hupima pia maendeleo yako ili uendelee kupata msaada huo. Kwingi wanataka wastani wa 2.0 na umalize angalau asilimia 67 ya krediti ulizojisajili. W nyingi zinakuangusha hapa hata bila F.

Walio kwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, hawapati FAFSA na wanafungwa na sheria tofauti. Lazima usome muda wote, yaani krediti 12 kwa muhula, na katika hizo kozi moja tu ya mtandaoni, isiyozidi krediti 3, ndiyo inayohesabiwa. Unapohama, rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, lazima ihamishwe na I-20 (fomu ya chuo ya mwanafunzi wa F-1) mpya itolewe, na masomo mapya yaanze ndani ya miezi mitano. Zungumza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kuacha kozi yoyote. Kabla, si baada.

## Hatua ya 9: Muone mshauri, na umwandikie

Muone mshauri wa chuo chako na mshauri wa uhamisho wa chuo kikuu. Wa pili ndiye anayejua zaidi, na wengi hawajui kwamba anaruhusiwa kuongea nao hata kabla hawajaomba. Nenda na jedwali. Usiulize “je, kozi hii inahamishika?” Jibu litakuwa ndiyo, na utarudi nyumbani ukicheka. Uliza: “Kwenye shahada hii, kozi hii inatimiza sharti gani?”

Tumezoea kumheshimu mkubwa wa ofisi na kuondoka na alichosema kwa mdomo. Huku heshima ni kumwandikia barua pepe jioni hiyohiyo: nashukuru kwa muda wako, nimeelewa kwamba kozi A inatimiza sharti B kwa katalogi ya mwaka fulani, tafadhali nisahihishe kama nimekosea. Jibu lake lihifadhi.

## Hatua ya 10: Omba, kisha tuma transkripti mara mbili

Kwa kuanza vuli, maombi mengi hufungwa kati ya Novemba na Machi. Ya University of California huanza Oktoba na kufungwa mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba.

Kama una wastani wa 3.5 au zaidi, angalia mwaliko wa Phi Theta Kappa, jumuiya ya heshima ya vyuo vya miaka miwili, kwa kuwa vyuo vikuu vingi vina ufadhili wa wanachama wake pekee. Jack Kent Cooke Foundation inafadhili wanaohama kwa hadi dola 55,000 kwa mwaka. Ushindani ni mkali, lakini fomu ni bure.

Transkripti ya kwanza inakwenda na maombi. Ya pili, ya mwisho, inakwenda baada ya madaraja yote kutoka na digrii kuandikwa. Watu husahau hii ya pili, wanafika Agosti, na krediti zao za muhula wa mwisho hazipo. Kabla ya kuiomba, lipa deni lolote la chuo, hata la kitabu cha maktaba; chuo kinaweza kuizuia. Texas, hakikisha imeandikwa kwamba msingi wa krediti 42 umekamilika. Bila maneno hayo, furushi linaweza kufunguliwa.

Ukihama kabla ya kufikisha 60, uliza kuhusu kurudisha krediti za chuo kikuu kwenye chuo cha jamii ili wakupe digrii yao. Majimbo mengi yanaruhusu.

## Hatua ya 11: Soma tathmini, halafu bisha

Ukishakubaliwa, chuo kikuu hutoa tathmini ya krediti. Iweke kando ya jedwali lako na upitie mstari kwa mstari. Angalia mahali kila kozi ilipokaa. Jumla pale chini itakudanganya. Kozi iliyopewa namba yenye herufi X, au neno linalomaanisha hiari, imepokelewa tu. Bado haijahesabika.

Kwa kila mstari wa namna hiyo unaoamini ni kosa, andika kwa idara inayofundisha somo hilo. Ofisi ya msajili huandika tu uamuzi wa idara. Ambatisha silabasi yako, weka alama kwenye mada zinazolingana na kozi yao, taja kitabu cha kiada na saa za maabara, na kama unayo, ile barua pepe ya mshauri. Barua iwe nusu ukurasa, bila malalamiko. Fanya hivyo kabla ya kujisajili muhula wa kwanza, kwa sababu ukishairudia kozi hakuna atakayerudisha ada.

Jibu linaweza kuchukua wiki kadhaa. Wakikubali, usifurahie barua pepe. Ingia kwenye mfumo wa ukaguzi wa shahada, vyuo vingi huuita Degree Works, uone kama sharti lile limebadilika kutoka tupu kuwa na alama ya tiki. Kama bado ni tupu, mpigie msajili asubuhi.